Uchaji kwa Roho ya Mwingine

Yako mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya, na katika kuyachanganya huko watu hudhurika. La kwanza ni mtu kuizuilia nafsi yake kitu chenye shubuha kwa kumcha Mwenyezi Mungu. Hili ni jema, na wema waliotutangulia walisifika nalo. La pili ni mtu kumzuilia mwenziwe kitu ambacho mwenziwe akihitaji, kisha akajihesabu kuwa yeye ndiye aliyemcha Mungu. Hili la pili lafanana na mtu atoaye sadaka kwa mali ya jirani yake, naye angojea thawabu.

Hatusemi haya kwa kubuni. Tumepata barua kutoka Chebunyo, mji mdogo wa biashara ulioko Chepalungu katika kaunti ya Bomet. Wasomaji wetu wa Pwani waisikiapo Bomet na Kericho hudhani kila mahali ni mashamba ya chai na mvua. Lakini Chebunyo iko chini ya vilima vya chai, nchi yenye ukavu, na watu wake hutegemea ng'ombe wa maziwa na mahindi. Wenyeji ni Wakipsigis, na wengi wao ni Wakristo. Waislamu waliotawanyika katika vijiji kama hivyo ni wachache, wengine ni wafanyabiashara waliohama na wakazaa huko, na likiwapata jambo la dini hawana mwanachuoni wa kumwendea kwa miguu. Huuliza kwa simu.

Mwandishi wa barua atueleza kwamba baba yake, mzee aliyepita miaka sabini, alianguka kutoka kwenye ngazi alipokuwa akipanga magunia ghalani. Pingili ya mgongo, upande wa kiunoni, ikavunjika, na miguu ikapoteza nguvu ingawa haikufa kabisa. Alipelekwa hospitali, akalazwa, na daktari akaagiza apigwe sindano moja kila siku chini ya ngozi ya tumbo ili damu isigande miguuni. Mmoja wa jamaa akaleta ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka katika simu, wa mtu asiyejulikana jina wala alikosoma, asemaye kuwa sindano hizo zatokana na nguruwe na kwamba Muislamu apigwaye sindano hiyo hufa na najisi mwilini. Ndugu wakashauriana nje ya wodi, wakaenda wakatia saini ya kukataa. Siku ya tisa mguu wa kushoto wa mzee ukavimba. Siku ya kumi na moja, akisaidiwa kuketi apate kunywa uji, alishikwa na pumzi, jasho likamtoka, na adhuhuri haikuingia ila amekwisha kufariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mtoto wake atuuliza matatu. Je, sindano ile ilikuwa haramu? Je, wao ndio waliomuua baba yao, na juu yao kuna kafara ya kufunga miezi miwili? Na mama yao, ambaye naye ni mtu mzima na mgongo wake umekwisha kuinama, likimpata kama hilo wafanye nini?

Yampasa atakaye kujibu swali la fiqhi aifahamu kwanza sura ya jambo lenyewe, kwani hukumu ya kitu ni tawi la kukijua. Basi na tueleze kwanza yaliyompata mzee.

Mfupa wa mtu mzima hupungua uzito wake wa ndani kama mti ulioliwa na mchwa: kwa nje ni ule ule, kwa ndani una mianya. Kwa hivyo anguko ambalo kijana angeinuka nalo akipangusa vumbi, kwa mzee huvunja pingili. Na wako wazee, hasa wanawake, ambao pingili zao huvunjika kidogo kidogo bila ya anguko lolote, kwa kuinua ndoo tu au kubeba mzigo wa kuni. Ndiyo sababu kimo hupungua na mgongo hupinda. Watu husema ni uzee, nao wasema kweli nusu.

Sasa mgongo ukivunjika, watu wote hutazama mfupa. Lakini mara nyingi lililo hatari zaidi kwa roho ni mishipa ya damu. Damu huteremka miguuni kwa msukumo wa moyo, ama kurudi juu hutegemea sana nyama za mashavu ya miguu, ambazo kila mtu apigapo hatua huikamua mishipa na kuipandisha damu. Mtu akilala kitandani siku nyingi, na khasa ikiwa miguu imekufa ganzi, mkamuo huo husimama na damu hutuama. Tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow alieleza tangu mwaka 1856 sababu tatu za damu kuganda ndani ya mishipa: mwendo wake kuwa mzito, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kubadilika ikawa yepesi kuganda. Aliyevunjika mgongo zote tatu humkusanyikia: amelala, ameumia, na mwili wake, ukipigania kuzuia damu isimwagike pale palipovunjika, huifanya damu yote iwe tayari kuganda. Umri huzidisha kila moja katika hizo.

Bonge la damu likishafanyika mguuni laweza kukaa kimya. Pengine mguu mmoja huvimba, ukawa na moto na maumivu. Pengine hapana dalili yoyote. Kisha siku moja bonge hukatika, likapanda na damu mpaka upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo likasukumwa mapafuni, likaziba njia. Mgonjwa hushikwa na pumzi ghafula, kifua humwuma, pengine hukohoa damu au huzimia, na likiwa kubwa hufa kwa dakika chache. Hatari hii huwa kubwa zaidi katika wiki za mwanzo, nayo haiishi upesi. Yaweza kumfuata mtu miezi, hata akiwa amekwisha kurudishwa nyumbani na watu wakidhani amepona.

Na hapa twataka wasomaji wetu wakumbuke jambo moja. Mtu wa kwanza ajulikanaye kuandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapitia mapafuni ndipo ikaja upande wa kushoto, alikuwa Ibn al-Nafis, aliyekulia Damascus, akatabibu Misri na kufa Kairo mwaka 1288. Alikuwa tabibu, naye alikuwa faqihi wa madhehebu yetu haya ya Shafi. Njia ile ile ambayo bonge lilimwulia mzee wa Chebunyo ndiyo aliyoieleza mwanachuoni wa Kishafi zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Na leo mjukuu wa elimu hiyo apokea hukumu ya dawa kutoka kwa sauti isiyo na jina katika simu.

Liko na jambo la shingo, nalo twalitaja kwa ajili ya wakandaji wetu wa hapa Pwani. Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili iendayo nyuma ya ubongo, na imepitishwa katika matundu ya mifupa yenyewe. Shingo ikivunjika, mshipa waweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda pale, na kiharusi kikaja baada ya saa au siku kadhaa. Mzee aliyeanguka akalalamika shingo, kisha akapelekwa kwa mtu wa kuivuta na kuizungusha mpaka ilie, huyo ametiwa katika hatari kubwa. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba atabibuye watu naye hakujulikana kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa atakaloharibu. Wakandaji wengi ni watu wema na mikono yao ina faida kwa viungo vilivyochoka. Lakini mgongo na shingo ya mzee aliyeanguka si mahali pao.

Turudi kwenye sindano. Dawa yenyewe huitwa heparini. Ilipatikana mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, katika ini la mbwa, na jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ini. (Mwenye kutafuta shubuha angepata ya kutosha hapo mwanzo kabisa.) Baadaye ikafanywa kwa mapafu ya ng'ombe na kwa utando wa matumbo ya nguruwe, na siku hizi sehemu kubwa ya iuzwayo duniani hutokana na matumbo ya nguruwe. Kwa hivyo mtu wa simu hakusema uongo katika asili ya dawa. Alikosea katika hukumu, na kosa la hukumu ndilo lililodhuru.

Wako maulamaa wasemao kwamba kitu kikigeuka dhati yake na sifa zake hupata hukumu mpya, na kwamba dawa hii si nguruwe tena kama siki isivyokuwa tena tembo. Hii ni njia ya Mahanafi na wengineo. Sisi Mashafi mlango huu kwetu ni mwembamba: twakubali mvinyo ugeukao siki wenyewe, na ngozi itiwayo dibaghi, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Basi hatutawadanganya wasomaji wetu kwamba jambo ni jepesi kwa upande huo. Hata hivyo hatuuhitaji upande huo, kwani madhehebu yetu yana mlango mwingine ulio wazi.

Aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi atakumbuka, katika mlango wa masharti ya sala, mas'ala ya mtu aliyevunjika mfupa akauungwa kwa mfupa najisi kwa kukosa ulio twahara. Imam amemhesabu mtu huyo kuwa ana udhuru, na sala yake ni sahihi. Fikirini: watu wale waliandika juu ya mfupa uliovunjika na kitu najisi kikaacha kutolewa mwilini, na hawakusema huyo atakufa na najisi. Na katika kitabu chake kikubwa, Majmu', amebainisha kwamba kujitibu kwa najisi isiyokuwa kileo kitupu kwajuzu ikiwa hakuna kilicho twahara kitakachosimama mahali pake, kwa elimu ya mgonjwa mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mmoja Muislamu mwadilifu.

Ama wa zama zetu, Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka Desemba mwaka 2003, na likaitazama heparini hii hasa, ile nyepesi ipigwayo chini ya ngozi. Likaijuzisha ikiwa hakuna dawa ya halali itoshelezayo, au iliyopo itarefusha matibabu, na likaonya watu wasivuke kiasi cha haja. Jambo hili limekwisha kuulizwa na kujibiwa, basi, kabla ya mzee wa Chebunyo kupanda ngazi yake kwa zaidi ya miaka kumi.

Mtu aweza kuuliza: tabibu wa huko Bomet si Muislamu, kauli yake yatosha? Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka, roho yake na ya sahibu yake ilikuwa mikononi mwa kiongozi wa njia, Abdallah bin Urayqit, naye wakati huo alikuwa katika dini ya watu wake. Alimwamini kwa sababu aliijua kazi yake na hakuwa mtu wa khiana. Wanavyuoni wamelitolea dalili hilo katika utabibu pia.

Na aweza kuuliza tena: dharura iko wapi, ikiwa sindano ni ya kuzuia tu na damu bado haijaganda? Swali hili ni zuri, nasi tumelisikia hata kwa watu wa elimu. Amr bin al-As, katika vita vya Dhatu-s-Salasil mwaka wa 8 wa Hijra, aliamka na janaba usiku wa baridi kali. Maji yalikuwapo, na hakuwa mgonjwa. Alikhofu tu kwamba akioga atakufa, akatayamamu na akawasalisha watu. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) akacheka na hakumkemea. Khofu yenye msingi, basi, katika Sharia ina hukumu yake. Hatungoji mtu azame ndipo tuseme mto ni mkubwa.

Lakini twawaonya pia wale wa upande wa pili, ambao neno dharura limekuwa kwao kama ufunguo wa kila mlango. Kabla ya kuipokea sindano ya nguruwe yapasa kuuliza kama iko badala. Iko dawa nyingine ya sindano ifanywayo kwa kemia tupu bila ya mnyama, iitwayo fondaparinuksi. Viko na vidonge. Si kila hospitali huwa navyo, bei hutofautiana, na nyingine hazifai kwa mzee ambaye figo zake zimechoka, na figo za wazee wengi zimechoka. Pia dawa zote hizi zina hatari yake: zikiharakishwa, damu yaweza kuvuja karibu na uti wa mgongo ikaukaba, na mgonjwa akapooza. Kwa hiyo tabibu mjuzi pengine hungoja siku moja, mbili au tatu, akatumia kwanza mashine za kuibana miguu na kumtaka mgonjwa achezeshe nyayo. Hapa ndipo mtu wa dini auliza, na tabibu ajibu. Kila mmoja katika kazi yake.

Sasa tufikie lile tunaloliona kuwa ndilo shina la barua hii. Mtoto ameandika, kama kwa kupita tu, kwamba baba yao alikuwa na akili zake timamu mpaka siku ya mwisho. Akijibu salamu, akiuliza bei ya mahindi, akisali kwa ishara kitandani. Hakuna aliyemwuliza kuhusu sindano. Wanawe wanne watu wazima walishauriana kule nje, wakamrudia na jambo lililokwisha.

Kujitibu katika madhehebu yetu ni sunna, wala si wajibu, kwa kuwa kupona hakuna yakini, isipokuwa katika mambo yaliyo dhahiri kama kufunga jeraha livujalo damu. Mzee mwenyewe angesema: mimi nimeishi vya kutosha, naichelea dawa hii, niacheni, hatungemlaumu, na huenda angepata daraja. Huo ungekuwa uchaji wake. Lakini uchaji ni ibada ya moyo, na moyo wa mtoto haumfanyii baba ibada. Mtoto ni mwenye amana, na mwenye amana hutakiwa atazame maslaha ya mwenye mali, wala si kujionyesha ukarimu. Tena tuseme kweli: katika kukataa kule hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyepungukiwa na kitu. Ukali wa dini ulikuwa wao, na mguu uliovimba ulikuwa wa baba.

Husikika pia kwamba mzee amekwisha kuwa mzee, na ajali haizuiliki kwa sindano. Mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akavua katika maradhi jambo moja lisilo dawa, nalo ni uzee. Watu wetu wameishika ile tofauti na kuisahau amri. Uzee hauna dawa. Damu iliyoganda inayo. Na Sayyidna Umar aliporudi na watu wake wasiingie Sham yenye tauni, mwaka wa 18 wa Hijra, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu.

Je, wamemuua baba yao? Sahaba mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akawa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hatukuonei rukhsa na maji waweza kuyapata. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akawataja kuwa ndio waliomuua, na akasema maana yake kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza. Hadithi hii ni nzito, nasi hatutaipunguza uzito wake kwa kumridhisha mwandishi wetu. Hata hivyo katika riwaya hiyo hatuoni kwamba waliamrishwa diya. Na wale waliamrisha jambo likatendwa. Hawa wa Chebunyo waliacha dawa ambayo hupunguza hatari na haiiondoi, kwani wako wapigwao sindano hizo kila siku na bonge likawafikia. Kwa hivyo jibu letu ni kwamba hawana diya wala kafara ya miezi miwili juu yao. Juu yao iko toba ya kukata jambo la roho ya mtu kwa kauli ya asiyejulikana na bila ya kumwuliza mwenye roho. Wamwombee baba yao na wamlipie madeni yake. Na yule aliyeurusha ujumbe ule katika simu za watu, dhambi yake huenda ikawa kubwa kuliko yao, naye pengine leo yuko kibarazani akinywa kahawa na hana khabari.

Ama mama, mgongo wake ulioinama yaelekea ni pingili zilizokwisha kuvunjika pasina mtu kujua. Wasingoje aanguke. Wampeleke apimwe mifupa, waondoe magunia na ngazi katika njia zake, watie taa msalani. Kisha wakae naye jioni moja, watoto wote, wamweleze sindano ile ni kitu gani na imetoka wapi, bila ya kumficha neno la nguruwe na bila ya kumficha neno la bonge la damu, wamwulize yeye mwenyewe atakalo likimpata la kumpata. Alilosema waliandike, na mmoja wao awe nalo karatasini.